Afadhali Hasira

Fundi alikuja kuomba radhi akiwa amebeba mlango kichwani.

Msusi alimwona kupitia dirisha la sebuleni, akivuka barabara taratibu, mkono mmoja umeushikilia mlango na mwingine umebeba sanduku la vifaa. Jua lilikuwa linawaka mpaka mbwa wa mtaa wamekimbilia uvunguni mwa magari, na yeye amevaa sweta. Sweta la kijivu, pana kuliko mwili wake, limefungwa vifungo hadi kooni. Zamani Msusi angecheka na kumtania mpaka jioni. Leo alijikuta ameushika mkono wake wa kulia, ule uliofungwa bandeji.

"Amekuja?" Baba aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Amekuja, Baba."

"Peke yake?"

"Na mlango."

Huko jikoni Shangazi aliguna. "Angalau ana adabu. Wengine wanavunja moyo na hawarudi hata na bawaba."

"Aanze kazi," Baba akasema. "Maneno baadaye. Kaka yako yuko njiani, na sitaki kusikiliza jambo hili mara mbili."

Basi Fundi akapita kichwa chini. Alimwamkia Baba, akaitikiwa kwa sauti ya chini, akaelekea kwenye korido, hadi pale ulipokuwa mlango wa chumba cha Shangazi. Pale palibaki fremu tu, imechanika upande wa kitasa, na doa kavu la damu kwenye upande wa bawaba ambalo Shangazi alilisugua kwa sabuni asilitoe lote. Ile ilikuwa damu ya Msusi.

Jambo lenyewe lilianza kwa mzaha, na ndiyo maana liliuma zaidi.

Katika nyumba ile kulikuwa na dawa moja ya ugomvi, na mganga wake alikuwa Shangazi. Wakigombana wawili, anawaita chumbani kwake kwa hila, anatoka, anafunga kwa ufunguo, kisha anakaa nje na kikombe cha chai mpaka asikie wanacheka. Kaka na mkewe waliwahi kufungiwa humo na wakatoka wameshikana viuno. Baba mwenyewe, marehemu mkewe alipokuwa hai, alifungiwa humo akiwa na nywele tayari zina mvi. Dawa haikuwahi kushindwa. Shangazi alikuwa akijisifia nayo kama wengine wanavyojisifia watoto wao.

Na safari hii ugomvi ulikuwepo, tena wa kuchekesha. Fundi na Msusi walikuwa wamepata nyumba ya kupanga, vyumba viwili, karibu na saluni ya Msusi. Nguo ya harusi imeshashonwa, wageni wameshaambiwa. Msusi akaenda kuiona nyumba baada ya Fundi kuipaka rangi, akakuta rangi imependeza kweli, ila chumba cha kulala hakina mlango. Umeng'olewa, umeegemezwa uani.

"Utaurudisha lini?" alimuuliza.

"Si lazima," Fundi alijibu. "Hewa inapita vizuri."

"Hewa! Tunaoana, Fundi, hatuanikwi! Wageni wakija? Baba akija?"

Fundi alinyamaza. Alikuwa bingwa wa kunyamaza. Siku zote Msusi aliupenda ukimya ule, aliuona ni utulivu wa mwanaume aliyekomaa. Alimpenda tangu siku ile alipokuja kupaka rangi saluni, akaing'oa milango kwanza akisema rangi inataka hewa, akala chakula chake cha mchana amesimama kizingitini huku akimtazama anavyosuka. Alikuwa akiangalia vidole vyake. Wateja waliona, wakaanza kukohoa kikohozi cha uongo, na Msusi akapotea njia kwenye kichwa cha mama wa watu hadi ikabidi afumue upya. Tangu siku ile wakawa chanda na pete. Wenzake wa zamani walimwita Fundi kwa jina la Barafu, ati kwa vile hapandwi na hasira, na Msusi akalichukua jina lile akalitia sukari. Barafu wa moyo wangu, ndivyo alivyomwita, hata mbele za watu.

Lakini safari hii ukimya ulimchoma. Alimpelekea Shangazi mashtaka, akilia. Shangazi akamwalika Fundi chai ya jioni, akawaingiza chumbani kwake waone pazia jipya, akatoka. Kitasa kikalia.

Waliokuwa nje walisikia kishindo, kisha kishindo kingine, kisha Msusi akapiga ukelele. Mlango ukang'oka na kipande cha fremu yake. Walimkuta Msusi amepiga magoti anavuja damu vidoleni, na Fundi ameshatoka, amepita katikati yao bila kumwona mtu, anakimbia barabarani.

Kaka alisema wazi kwamba dada yake amepigwa.  Na Msusi, ambaye peke yake aliyaona yaliyotokea humo ndani, tangu siku ile alikuwa hapati usingizi.

Sasa alimfuata koridoni. Fundi alikuwa amechutama, anang'oa vipande vya mbao vilivyochanika. Alikuwa amejiweka upande wa nje wa kizingiti, vifaa vyote pia nje, hata kibanzi cha mbao hakikuruhusiwa kulala upande wa ndani.

"Vidole vinaumaje?" aliuliza bila kugeuka.

"Vinapona."

"Utasuka tena?"

"Daktari kasema nitasuka, ila nisiwe na haraka. Geuka basi unione."

Aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu na yamezama, macho ya mtu anayelala kwa kuibia. Walitazamana. Msusi alitamani kumvuta kichwa amlaze kifuani, aupapase ule utosi mpaka alale hapo hapo sakafuni, na watu wamruke wakipita.

"Mnene ni nani?" akauliza.

Patasi ilisimama.

"Nani kakwambia habari za Mnene?"

"Wewe. Shangazi alipofunga, ulisimama kwanza kama hukusikia. Halafu ukanishika mikono yote miwili, ukaanza kuisugua, unaipulizia pumzi. Mimi nilikuwa natokwa jasho, Fundi, chumba kilikuwa cha moto. Wewe unatetemeka, unasugua, unaniambia, 'Usilale, Mnene. Usilale, ndugu yangu, wanakuja.' Nikakuita jina lako hukunisikia. Ndipo ukauvamia mlango. Mimi ndiye niliyeshika fremu nikuzuie usijiumize, vidole vikabanwa penye bawaba. Hukunipiga. Hukuniona hata kidogo."

Fundi aliweka patasi chini polepole, kama kitu cha kuvunjika. Kisha akakaa sakafuni, miguu koridoni, mgongo ukutani.  Aliongea akiutazama mlango wa mbele wa nyumba, uliokuwa wazi.

"Kabla ya rangi nilikuwa kwenye kiwanda cha samaki. Chumba cha baridi. Mlango wake ulikuwa mbovu kwa ndani, haufunguki, kila mtu anajua. Ukiingia unauwekea kreti. Siku hiyo tumeingia wawili, mimi na Mnene. Mtu akapita nje, akaona kreti inazuia mlango, akaiondoa, akafunga. Hakujua kama tumo. Ilikuwa ni mwisho wa kazi. Watu wakaenda makwao."

"Yesu wangu," Msusi alinong'ona.

"Mnene alikuwa mcheshi. Sweta tulikuwa nalo moja, la kwake. Akanivulia. Akasema, 'Mimi nina nyama ya akiba, wewe mifupa mitupu, vaa.' Nikakataa. Akasema nisimuudhi, nivae. Nikavaa." Alishika kifungo cha juu cha sweta, akakizungusha. "Nilivaa, Msusi. Tukawa tunataniana. Anataja vyakula, namtajia vyakula. Halafu akawa anarudia chakula kilekile. Halafu akanyamaza. Nikamsugua mikono. Walipofungua, mimi bado nasugua."

Msusi aliweka mkono wake mzima juu ya goti lake. 

"Umewahi kumwambia nani?"

"Si nakwambia wewe."

"Kabla yangu."

"Nimwambie nani? Bosi alinipa pole. Akasema nimshukuru Mungu, mwanaume nimetoka mzima. Jumatatu nikarudi kazini. Nilipoingia, wenzangu wakaniita Barafu. Wakacheka, na mimi nikacheka. Ungefanyaje?"

Msusi aliziba mdomo kwa kiganja. Jina lote lile alilolitia sukari, alilomwandikia kwenye simu na vikopa pembeni, alilomwitia mbele ya wateja.

"Mbona hukuniambia nisikuite hivyo?"

"Ungeniuliza kwa nini."

Sasa mambo yote yalimjia kwa mkupuo. Kiti cha karibu na mlango kila mahali. Maji ya baridi anayoyarudisha hotelini. Siku ile friji ya saluni ilipoanza kunguruma akatoka nje, wateja wakasema ana mwanamke mwingine anampigia simu. Na yeye aliamini! Alimnunia wiki nzima kwa ajili ya friji.

"Kuna mtu wa kukusaidia," alisema haraka haraka, maana alisikia gari la Kaka likiingia. "Muuguzi mmoja namsuka, nilimuuliza bila kutaja jina. Amesema hili linawapata watu wengi, na wanaume ndio wanaolificha zaidi. Wanaongea na daktari, taratibu, wanapata nafuu. Nitakwenda na wewe. Nitakaa nje nikusubiri, mlango wazi."

"Daktari wa vichaa?"

"Si kichaa wewe."

"Nani atampa kazi fundi anayekwenda kwa daktari wa vichaa? Nani ataniacha na ufunguo wa nyumba yake?"

"Achana na watu. Mwambie Baba tu, hivi ulivyoniambia mimi."

Fundi alitikisa kichwa. "Baba yako nikimwambia nilikasirika atanielewa. Nikimwambia niliogopa chumba cha Shangazi, chenye vitambaa vya maua, ataniangaliaje?"

"Mimi nimejua na nakuangalia vilevile."

"Hapana." Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomuumiza. "Umeshabadilika. Unaniangalia kama mgonjwa. Zamani ulikuwa unaniangalia kama mtu wako."

"Nakupenda, mpumbavu wewe!" Machozi yalimtoka. "Sikiliza. Ukisema ulinipiga kwa hasira, na mimi nitakuwa nimepigwa. Siwezi kuishi hivyo. Kila ukiogopa utasema umekasirika, na ipo siku itakuwa kweli. Sikuombi kingine, Fundi. Leo tu, mara moja, sema ukweli mbele ya watu wangu. Nitakuwa pembeni yako."

Fundi aliokota patasi. Kaka alikuwa ameshaingia, viatu vyake vikilia koridoni.

Walikaa sebuleni. Fundi alichagua kigoda cha karibu na mlango, na safari hii Msusi alijua kwa nini. Shangazi alileta chai ambayo hakuna aliyeigusa. Kaka alisimama, mikono kifuani.

"Kijana," Baba alianza. "Nilikupokea kama mwanangu. Nimekaa nangoja unieleze. Mtoto wangu kavunjwa vidole ndani ya nyumba yangu, na wewe ukatoka mbio. Nini kilitokea humo ndani?"

Fundi alifungua mdomo. Msusi alimtazama kwa macho yake yote. Midomo ya Fundi ilicheza, sauti haikutoka. Kwenye paji la uso jasho lilikuwa limemtoka, na bado hakufungua hata kifungo kimoja cha lile sweta.

Msusi hakuweza kuvumilia. "Hakunipiga, Baba. Aliogopa."

"Alifanya nini?"

"Aliogopa. Shangazi alipofunga mlango. Yalimpata mambo mazito zamani, alifungiwa mahali na mwenzake akafa. Hayajamtoka. Akifungiwa anaona yuko kulekule."

 Kisha Kaka akacheka kwa pua.

"Aliogopa nini, kutekwa na Shangazi?"

"We, nyamaza," Shangazi alisema, lakini na yeye alikuwa ameivuta kanga yake mabegani na kumtazama Fundi upya, kuanzia miguuni kwenda juu. "Mwanangu, hiyo inakupata mara kwa mara? Hiyo ya kuona vitu?"

Baba alijiinua kitini. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya adabu, ile adabu anayoitumia kwa wageni asiowataka. "Kwenu kuna wengine wenye matatizo ya kichwa? Samahani kuuliza. Lakini kuna wajukuu mbele, lazima mtu aulize."

"Baba!" Msusi aliruka.

"Nauliza tu. Mtu akikasirika tunajua pa kumshika. Mtu asiyejijua yuko wapi, utamshika wapi? Nitalalaje nikijua binti yangu kalala naye?"

Fundi alikuwa akiwatazama mmoja mmoja. Aliona kicheko cha Kaka, akaona kanga ya Shangazi, akaiona ile adabu ya Baba. Mwisho alimtazama Msusi, na katika mtazamo ule mfupi Msusi aliona kwamba anamuaga. Alimtikisia kichwa. Usiseme, alimwomba kwa macho. Tafadhali, usiseme.

"Mzee," Fundi alisema, na sauti yake ilikuwa imara kuliko siku zote. "Msusi ana moyo mwema, ananitetea. Hakuna cha kuogopa wala nini. Habari za mlango zilinikera, Shangazi akanifungia, nikakasirika. Nikambamiza. Nimekosa, mzee. Naomba mnisamehe."

Baba alishusha pumzi. Mabega yake yakashuka, na sebule nzima ikashuka naye.

"Ah! Si ungesema hivyo tangu mwanzo," alisema. "Hapo umeongea kiume. Hasira ni za binadamu. Na mimi ujana wangu nilivunja kabati zima, muulize Shangazi yenu. Lakini mkono usiinuke tena, umenisikia?"

"Nimesikia, mzee."

Kaka alimwendea akampa mkono. "Nilitaka kukutoa meno, shemeji, nakwambia kweli. Lakini mtu akikiri amekiri." Shangazi naye aliirudisha kanga kiunoni, akaanza kumimina chai, akimsema Msusi kwa kumtungia mwenzake ugonjwa usiokuwepo. Nusura awaharibie harusi kwa mdomo.

Fundi alipokea kikombe. Mkono haukutetemeka. Hakumtazama Msusi.

"Mimi siolewi," Msusi alisema.

Kijiko cha Shangazi kilianguka. "Unasemaje?"

"Siolewi na mtu aliyenipiga."

"Lakini ameomba radhi!" Baba alisema. "Mbele yetu sote!"

"Nimesikia, Baba. Ameomba radhi ya kunipiga. Basi amenipiga." Alikuwa akiongea na Baba lakini kila neno lilikuwa linakwenda kwenye kile kigoda cha mlangoni. Alikuwa akingoja. Neno moja tu, hata la kunong'ona, na angekwenda naye popote, akalale naye uani chini ya anga ikibidi.

Fundi alikunywa chai yake. Ilikuwa ya moto sana, na aliinywa yote.

"Ni haki yake, mzee," alisema. Akasimama, akarudi koridoni kumalizia kazi.

Waliokuwa sebuleni walimgeukia Msusi kila mtu kwa zamu yake. Kwamba ana kiburi. Kwamba mwanaume anayekiri kosa haokotwi njiani. Kwamba nguo ya harusi itavaliwa na nani. Yeye alisikiliza nyundo. Alisikia bawaba zikikazwa, alisikia kitasa kikiingizwa na kujaribiwa, kikifungwa na kufunguliwa, na alijua bila kwenda kuangalia kwamba kinajaribiwa kutoka nje tu.

Kaka ndiye aliyekwenda kuukagua. "Fundi kweli," alisema aliporudi. "Unafunga kama wa benki."

Fundi alipita kuaga. Alimwinamia Baba, akamshukuru Shangazi kwa chai. Alipofika mbele ya Msusi alisimama, akautazama ule mkono wa bandeji. Kiganja chake kiliinuka kidogo, kana kwamba anataka kuushika ausugue, kikarudi mfukoni.

"Usivikimbize," alisema. "Vidole."

"Nenda salama," Msusi alisema, kwa sababu hakuwa na lingine.

Alitoka na sanduku lake. Wote walisogea dirishani, kama watu wanavyosogea mgeni anapoondoka. Kule nje lami ilikuwa inameta kwa joto. Fundi alivuka barabara, akasimama upande wa pili, akaweka sanduku chini. Akalivuta sweta shingoni kwa mikono yote miwili, akajifunika nalo hadi masikioni.

"Jamani, na jua hili!" Shangazi alisema, na huzuni ya siku nzima ikamtoka kwa kicheko. "Kweli huyu waliomwita Barafu hawakukosea!"

Baba alicheka. Kaka alicheka mpaka akaegemea ukuta. Hawakuwa na ubaya, walikuwa wamemsamehe, na mtu ukimsamehe unaweza kumcheka. Msusi aliendelea kutazama nje mpaka lile sweta la kijivu likapinda kona, na hakukuwa na mtu hata mmoja mle ndani wa kumwambia lilikuwa la nani.